Nzuri, Tunashukuru

Jumamosi

Barazani kwangu Jumamosi ile alikuja mtu mmoja, na huyo mmoja alikuja kufuata sufuria lake.

Nilikuwa nimepanga viti arobaini kwa mikono yangu mwenyewe kwenye ukumbi wa ofisi ya mbunge, hapa Isanzuka. Msinicheke. Mimi, Veronika Ndahani, nimekuwa mbunge wa watu hawa mwaka wa kumi na moja sasa, na zamani viti arobaini vilikuwa havitoshi. Watu walikaa madirishani, wengine wakagombania kivuli cha ukuta nje, na kelele zake ungedhani ni mnada wa ng'ombe. Walikuja kulalamika, kunisema, kuniombea dua na kunitukana, wakati mwingine mtu mmoja yote hayo kwa pumzi moja. Kuna mzee aliwahi kuniletea jino lake kwenye karatasi, ili nione kwa macho yangu kwamba zahanati ilimng'oa lisilouma. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinapasuka, namwambia mume wangu, "Yaledi, hawa watu wataniua." Laiti ningejua!

Sasa hawaji. Waje kufanya nini? Serikali mpya ina miezi minane madarakani, na imewaambia hakuna haja ya kutembea juani kumfuata mbunge. Kila mtu mzima ana mwangwi wake. Uliingia kibandani siku moja, ukaketi, mashine ikakuuliza maswali mia sita kwa sauti ya upole, na kutokana na majibu yako ikaunda sauti yako ya pili, inayowaza kama wewe na kujibu kama wewe. Serikali ikitaka kujua wananchi wanasemaje, inaiuliza miangwi. Watu laki moja wanajibu kabla hujamaliza kupiga chafya. "Tunakusikia," ndiyo kaulimbiu yao, na wameiandika hadi kwenye mifuko ya unga.

"Nimefuata sufuria langu, lile la tangu msiba," Mama Chidawali alisema kutoka mlangoni. Ni jirani yangu, miaka sabini na kitu, goti bovu lakini ulimi mzima.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Nikae kwenye kipi? Vyote vinaniangalia."

Nilicheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza wiki nzima. Nikamletea chai. Tukaulizana hali kama watu.

"Habari za tangu juzi?"

"Nzuri, tunashukuru."

"Wajukuu?"

"Hawajambo."

"Mbuzi?"

"Wapo, wanakula."

Akanywa chai yake taratibu. Mimi nami nikanywa yangu. Kikombe kilipofika nusu, akakiweka chini na kufuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Ila nasikia mtambo wanauhamisha."

Kumbe sufuria lilikuwa kisingizio. Isanzuka ukichimba popote unapata maji, na maji hayo ni chumvi tupu. Ng'ombe mwenyewe anayanusa na kugeuka. Mtambo wa kuyachuja niliupigania miaka sita. Na hata huo siku hizi umeziba, unatoa maji mara mbili kwa wiki. Sasa Serikali inataka kuuhamishia kwenye mji mpya wa Mtakanyika, kwa sababu iliiuliza miangwi ya Isanzuka, "Habari za maji?" na katika kila mia, tisini na saba ilijibu kwamba ni nzuri. Hoja ilikuwa inapigiwa kura Alhamisi.

"Na wangu umesema nzuri?" Mama Chidawali aliuliza.

"Nimeutazama. Umesema nzuri, tunashukuru."

"Mwongo mkubwa!"

"Mama, ni wewe huyo."

"Mimi? Mimi niseme nzuri wakati mjukuu wangu anaoga na maji ya kuoshea mchicha?" Aliinuka na goti lake, amekasirika kwelikweli, akaondoka. Sufuria akalisahau.

Jumapili

Yaledi alifariki miaka miwili iliyopita. Saratani ya ini. Ilipogundulika zilibaki wiki tano, na mbili kati ya hizo nilikuwa kwenye Bunge la bajeti.

Sheria inamruhusu mfiwa dakika kumi kwa wiki na mwangwi wa marehemu wake. Kwa hiyo kila Jumapili, ibada ikiisha, wenzangu wanakwenda kwa watoto wao na mimi nakwenda kibandani. Naona aibu kulisema, maana hadharani napinga vibanda hivi kila siku. Na nikiri lingine kabisa: vilianza enzi za serikali iliyopita kama sensa tu, na mimi nilipiga kura ya ndiyo. Adui nilimfungulia mlango mwenyewe.

"Habari yako, Yaledi."

"Nzuri tu, Vero. Za kwako?"

Sauti ni yake mno. Hata ule mkwaruzo wa ugoro upo.

"Mbaya. Jana alikuja mtu mmoja. Nimechoka, Yaledi. Nyumbani naongea na redio."

"Pole. Watakuja tu."

"Na wewe unaendeleaje?"

"Nzuri, tunashukuru."

Kila Jumapili, miaka miwili, jibu ni hilo hilo. Siku hiyo sijui nini kilinipanda kichwani. "Nzuri gani, Yaledi? Wewe umekufa!"

"Tunamshukuru Mungu," mwangwi ukasema.

Nilitaka kuupiga ngumi ule ukuta. Kwa sababu Yaledi wangu hakuwa hivyo. Ndiyo, ungemuuliza hali angesema nzuri. Nani hapa kwetu asemaye mbaya kwa swali la kwanza? Utaonekana huna adabu, unamtupia mtu mzigo kabla hajakaa. Siku mama yake alipofariki, Yaledi alirudi akaniuliza habari za safari, akaniuliza mbuzi, akanawa, akala ugali wake mpaka mwisho, nami namwangalia tu kwa sababu namjua. Ndipo akasema, "Ila mama ametangulia." Habari yenyewe hukaa nyuma ya salamu, na kwa Yaledi ilikaa mbali kuliko kwa watu wote niliowahi kuwajua.

Dakika zangu zilikuwa zinaisha. Juu ya mlango kuna kitaa kidogo, na nikakumbuka siku niliyoandikishwa mimi. Mashine inauliza, unajibu, zikipita sekunde sita kitaa kinageuka kijani na swali jingine linaanza. Mimi mwenyewe niliona inanikimbiza, nikafikiri ni kawaida yake.

Sekunde sita. Kwa watu wa Isanzuka! Hapo hata "hawajambo" hujaifikia.

Jumatatu

Treni ya alfajiri ilinifikisha makao makuu saa tatu. Asubuhi kamati ya mifugo, mchana kamati ya barabara. Kwenye kamati ya barabara tulikuwa watu wawili chumbani na taa kumi na moja, kwa sababu waheshimiwa nao siku hizi wanatuma miangwi yao ikae vitini badala yao. Mtu mwenyewe yuko shambani kwake anapalilia mizabibu. Baadaye nikafungua majibu ya Barua yangu ya Wiki. Barua hiyo naiandika kila Ijumaa, na zamani ilisomwa kanisani na msikitini, nikapata majibu matatu, mawili ya matusi. Sasa ndani ya nukta moja napata majibu elfu nane, yote yanasema imepokelewa, hongera kwa kazi nzuri. Sijawahi kujisikia mpweke kama ninavyojisikia nikisoma pongezi hizo.

Jioni nikaenda kwa karani wa kumbukumbu za Bunge, Bwana Likwata, mtu mkavu, mwembamba, asiyependa maneno mengi.

"Siku ya kuandikishwa," nikamuuliza, "kipaza sauti kilikuwa kinazimwa baada ya zile sekunde sita?"

Akanitazama juu ya miwani. "Hakikuzimwa siku nzima, Mheshimiwa. Mashine ilichukua jibu la kwanza tu, ikaundia mwangwi. Lakini sauti yote ipo chini yake, ghafi."

"Inaweza kusikilizwa?"

"Bungeni, ndiyo, kama ushahidi. Unafungua mwangwi mmoja. Ila mwangwi ukishafunguliwa haufungiki tena. Sheria inataka ufutwe papo hapo, mtu asije akauchezea."

"Na mwenyewe?"

"Akiwa hai, anafutika nao kwenye daftari la huduma mpaka uandikishaji ujao. Miaka minne. Hospitali haimtambui, mgawo wa maji haumtambui. Lazima akubali kwa kidole chake." Akavua miwani akaifuta. "Akiwa marehemu, anakubali mjane."

Alisema bila kunitazama. Likwata alikuwepo kwenye mazishi.

Nikatoka mle nikampigia simu Mama Chidawali. Nilijiambia nampigia kumweleza tu.

"Fungua wangu," akasema hata sijamaliza.

"Mama, dawa zako za presha?"

"Nitakunywa majani ya mlonge. Mama yangu aliyanywa akafika tisini."

"Miaka minne, mama."

"Mwanangu, mimi hiyo miaka minne nani kaniahidi? Lete hiyo fomu kwenye simu, nibonyeze kidole."

Akabonyeza. Ridhaa yake ikanifikia kabla sijafika malazini. Na nitasema kweli, kwa kuwa hakuna faida ya kudanganya: nilishusha pumzi. Nililala fofofo.

Jumatano

Sisi wapinzani Bungeni tumebaki tisa. Niliwaonyesha wenzangu ridhaa ya Mama Chidawali, na kiongozi wetu, Mheshimiwa Ngalawesa, akapiga meza kwa furaha.

"Tumewapata! Tumia huo wa bibi. Hakulazimishwa, na hiari yashinda utumwa."

"Ataishije?"

"Tutamchangia dawa. Mheshimiwa Ndahani, ni mtu mmoja kwa ajili ya watu elfu nane. Una kingine?"

Nilikuwa nacho. Wenzangu wote wanane walijua ninacho, na hakuna aliyekitaja, Mungu awabariki kwa adabu yao au awasamehe.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, pale wanapokausha bendera. Nikajitetea. Nikasema Mama Chidawali amekubali mwenyewe, Yaledi hawezi kuulizwa. Nikasema nimeitumikia nchi hii mpaka nikamkosa mume wangu akiwa hai, sasa wanataka na dakika kumi zangu? Nilisema mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Lakini kila nikimaliza kujitetea namwona yule mama na goti lake amesimama dirisha la dawa, anaambiwa jina lako halipo. Angesema nini? Angesema sawa, tunashukuru. Angerudi nyumbani.

Na mimi ndiye ninayesimama kila wiki kuwapigia kelele kwamba Serikali inachukua sauti za watu kwa sababu ni rahisi kuzichukua.

Niliifuta ridhaa yake nikiwa pale pale ngazini. Kisha nikaweka kidole changu kwenye fomu nyingine. Nililia, ndiyo, nikajifuta na bendera ya wilaya isiyo yangu.

Alhamisi

Ukumbi una viti mia mbili na ishirini. Niliwahesabu watu wenye miili: thelathini na wawili. Vilivyobaki vilikuwa na taa.

Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Kulwijila, aliwasilisha hoja yake vizuri, kama kawaida yake. Si mtu mbaya. Ana sauti ya mchungaji na anaamini anachosema. "Serikali zilizopita zilisikiliza wenye kelele," alisema. "Sisi tunamsikiliza kila mmoja, hata mnyonge asiyeweza kufika barazani. Watu wa Isanzuka wamesema maji ni mazuri. Mheshimiwa Ndahani anataka tusiwaamini wapiga kura wake?"

Nikasimama. "Mheshimiwa Spika, nawaamini. Naomba tuwasikilize mpaka mwisho."

Spika, Mheshimiwa Bi. Mwanamkasi, mama mzee mkali aliyewahi kunitoa nje mara tatu, alisoma fomu yangu. Akaisoma tena. "Unaelewa masharti, Mheshimiwa?"

"Naelewa."

"Karani, ufungue. Swali la maji, na moja kabla na moja baada, pasiwe na atakayesema limekatwakatwa."

Hilo la moja kabla na moja baada sikulitegemea, lakini ndiyo kanuni. Likwata akabonyeza. Kikasikika chumba kitupu, kiti kinalia, mtu anasafisha koo. Nilishika meza.

"Swali la arobaini na moja," mashine ilisema. "Habari za barabara katika eneo lako?"

"Nzuri, tunashukuru," akasema Yaledi. Kimya kidogo. Kile kimya chake. "Ila pale kwenye korongo..."

"Asante. Swali la arobaini na mbili. Habari za maji katika eneo lako?"

"Aa, samahani. Nzuri, tunashukuru." Akakohoa. "Ila sasa, bibie, huu mtambo tangu mwezi wa sita..."

"Asante. Swali la arobaini na tatu. Habari za afya yako?"

Kuna mbunge alicheka upande wa Serikali, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyemsikia baba yake. Nami nilikuwa nimeanza kukaa. Kazi ilikuwa imekwisha, kila mwenye masikio alikuwa ameelewa.

"Nzuri, tunashukuru," alisema Yaledi. "Ila hapa ubavuni pana kitu. Mwezi wa nne sasa."

"Asante. Swali la arobaini na nne. Habari za shule..."

Safari hii hakunyamaza. Mume wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mtu, aliendelea kusema juu ya sauti ya mashine, zikapandana. "Mke wangu sijamwambia, bibie. Anarudi Ijumaa kichwa kinamuuma, watu wanamsumbua sana. Nasubiri apumzike nimwambie. Wewe andika tu hapo, kama kuna daktari..."

Likwata akabonyeza. Kitaa cha kijani juu ya meza yake kikazima. "Umefutwa, Mheshimiwa Spika," alisema, na sauti yake haikuwa kavu.

Siku ile ya kuandikishwa ilikuwa mwaka mzima kabla hajafa. Aliiambia mashine kwa sababu ilimuuliza, na mimi sikuwa na nafasi ya kuulizwa wala ya kuuliza. Nilikaa.

Spika alitaka kujua kama Bunge liko tayari kuendelea na hoja. Taa mia moja themanini na nane zikawaka papo hapo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Watu thelathini na wawili hawakujitingisha. Bi. Mwanamkasi aliziangalia zile taa muda mrefu, kama mtu anayeangalia wageni wasiojua kuondoka.

"Hoja ya Isanzuka inarudi kwenye kamati," akasema. "Wajumbe watakwenda huko kwa miguu yao, wakae na watu. Na saa zao waziache hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Sheria yenyewe ya miangwi ilibaki palepale. Nilichookoa ni mtambo mmoja mbovu, na kwa siku chache tu pengine. Nje ya ukumbi, Waziri Kulwijila alinisubiri. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi nauweza.

"Pole, mama," alisema. Si Mheshimiwa. Akazungusha pete yake kidoleni. "Mama yangu mzazi yuko Bukuli. Mwangwi wake nauuliza hali kila asubuhi kabla ya kazi." Akaivua ile pete, akairudisha. "Unasema nzuri."

"Mpigie simu," nikamwambia. "Na ukimpigia, usiwe na haraka."

Jumamosi

Nilipanga viti ishirini. Walikuja watu kumi na mmoja. Mmoja alinitukana kuhusu lile korongo la barabarani, nikamwandika jina kwa herufi kubwa na karibu nimbusu.

Walipoondoka, Mama Chidawali alibaki. Alikuwa ameshanigombeza vya kutosha kwa kufuta kidole chake bila kumuuliza. Hiyo ilikwisha Ijumaa, kwenye simu, kwa makelele. Leo alikaa tu, sufuria lake mapajani, nimelisugua linang'aa. Nikamimina chai.

"Habari za huko?" akaniuliza.

"Nzuri, tunashukuru."

"Safari?"

"Salama."

"Nyumbani?"

"Nzuri tu."

Akanywa chai yake. Nje mtu alikuwa anavuta ndoo tupu kuelekea mtamboni, ikikwaruza changarawe, na sauti yake ikaenda mpaka ikapotea. Mama Chidawali alikuwa bado ananisubiri, wala haoni taabu.

"Ila kesho ni Jumapili, mama," nikasema, "na sina pa kwenda."

Aliitikia kwa kichwa. Akamaliza kikombe, akalitoa lile sufuria mapajani, akainuka na goti lake na kuliweka mezani kwangu, katikati ya makaratasi.

"Hili nitalifuata kesho," alisema. "Ibada ikiisha."